Nyani Mzee na Marafiki Wake Wachache

Waswahili husema kwamba nyani mzee amekwepa mishale mingi. Methali hii hutumiwa kumsifu mtu aliyeishi muda mrefu na kupita katika hatari nyingi. Nilipoisikia kwa mara ya kwanza darasani, nilijiuliza swali ambalo methali yenyewe hailijibu. Baada ya kukwepa mishale yote hiyo, nyani mzee huishi vipi? Hukaa na nani? Je, wenzake bado humjali, au humwacha nyuma kundi linapohama?

Swali hilo lilinirudia mwaka jana nilipokuwa nyumbani likizoni. Bibi yangu anaishi katika kijiji kilicho karibu na Fort Portal, magharibi mwa Uganda, si mbali na msitu wa Kibale. Zamani alikuwa mtu wa watu. Hakukosa mkutano wa chama cha akina mama cha kuweka akiba, wala harusi, wala matanga. Sasa ameacha karibu mambo hayo yote. Baba na ndugu zake walikaa kulijadili jambo hilo. Mmoja alisema bibi anaumwa na anaficha. Wa pili alisema huo ndio uzee wenyewe. Wa tatu alisema kwa sauti ya chini kwamba huenda watu wamemchoka. Nilikaa kimya kwa sababu sikuwa na la kusema.

Mimi ni mwanafunzi wa historia, si wa elimu ya wanyama. Lakini niliporudi chuoni nilianza kusoma jinsi wataalamu walivyochunguza uzee wa kima na nyani, nikakuta kwamba ubishi wao ulifanana sana na ule wa baba na ndugu zake. Katika insha hii nitaeleza historia ya ubishi huo. Hoja yangu ni kwamba kwa muda mrefu wataalamu hawakuuelewa uzee wa wanyama hawa, si kwa sababu wazee hawakuwepo, bali kwa sababu hakuna aliyekuwa akiandika habari zao. Walipoanza kuandikwa mmoja mmoja, kwa miaka mingi, picha ilibadilika.

Kwanza nifafanue maneno. Kiswahili kina majina mengi kwa jamii hii ya wanyama: nyani, kima, tumbili, ngedere, mbega. Makaki ni kima wa Asia na Afrika Kaskazini, na huku kwetu hawapo. Sokwe mtu si kima. Hana mkia, ubongo wake ni mkubwa zaidi, na yuko karibu zaidi na binadamu. Nitamtaja kwa sababu ushahidi wake umetoka Uganda na unahusu swali lilelile.

Tuanzie London. Mwaka 1925 bustani ya wanyama ya mji huo ilijenga kilima cha mawe na kuweka humo nyani wapatao 100 wa aina inayopatikana Ethiopia, Somalia na Arabuni. Karibu wote walikuwa madume. Baadaye waliongezwa majike, na madume wakapigana vibaya kuwagombania. Nyani wengi waliuawa, wakiwemo majike wenyewe. Mtaalamu kijana aliyeitwa Solly Zuckerman aliwachunguza, na mwaka 1932 akatoa kitabu kuhusu maisha ya kijamii ya kima na sokwe. Kwa miaka mingi baadaye watu walisoma kwamba jamii ya nyani husimama juu ya nguvu za madume na ugomvi wa kupata majike.

Kosa la ushahidi huu ni rahisi kuliona sasa. Nyani wale hawakuwa jamii. Walikuwa wageni waliofungiwa mahali padogo, bila mama zao, bila dada zao, bila watoto waliokua nao. Zaidi ya hayo, mahali pale hapakuwa na nafasi ya kuzeeka. Mwanahistoria akiandika habari za kijiji kwa kutazama vita tu, atajua majina ya wapiganaji na hatajua kwamba kulikuwa na mabibi.

Hatua ya pili ilikuwa upande mwingine wa dunia. Mwaka 1938 Mmarekani Clarence Ray Carpenter alisafirisha makaki 409 kutoka India hadi Cayo Santiago, kisiwa kidogo karibu na pwani ya mashariki ya Puerto Rico. Kisiwa hicho kina ukubwa wa hekta 15 hivi. Makaki waliachwa huru humo, wakapewa chakula, wakaunda makundi yao wenyewe. Miaka ya kwanza ilikuwa migumu na idadi yao ilishuka. Jambo muhimu kwa insha hii lilitokea mwaka 1956, wakati mtaalamu kijana Stuart Altmann alipoanza kuwatia alama makaki wote na kuwahesabu mara kwa mara. Tangu hapo kila makaki anayezaliwa kisiwani amekuwa na kumbukumbu yake: mama yake ni nani, alizaliwa lini, alikufa lini. Bila tarehe ya kuzaliwa hakuna uzee. Kuna mnyama mwenye manyoya yaliyochakaa tu.

Altmann huyohuyo ndiye anayetuleta Afrika Mashariki. Mwaka 1963 yeye na mkewe Jeanne walifika Amboseli, kusini mwa Kenya, chini ya mlima Kilimanjaro, kuwachunguza nyani wa mbuga. Mwaka 1971 utafiti wa kudumu ulianza pale, na haujakoma hadi leo. Zaidi ya nyani 1,500 wameshaandikwa tangu kuzaliwa au tangu kuingia katika makundi yanayofuatwa. Wakenya waliofanya kazi hiyo ya kila siku, wengine kwa zaidi ya miaka 30, wanaweza kumtambua kila nyani kwa sura. Nataka jambo hili likumbukwe, kwa sababu katika vitabu wao hutajwa mwishoni katika ukurasa wa shukrani, ingawa bila macho yao pasingekuwa na kitabu.

Jeanne Altmann aligundua tatizo ambalo mwanafunzi wa historia atalielewa mara moja. Mtafiti akikaa mbele ya kundi na kuandika kila kinachomvutia, ataandika ugomvi, makelele na madume wakubwa. Jike mzee aliyekaa chini ya mgunga akisafishwa manyoya na binti yake hataandikwa, kwa kuwa hafanyi jambo la kushangaza. Mwaka 1974 alichapisha makala iliyopendekeza njia nyingine: chagua mnyama mmoja kwa utaratibu uliopangwa mapema, mfuate kwa dakika ulizojiwekea, andika kila anachofanya hata kama ni kulala, kisha nenda kwa mwingine. Kila mmoja apate zamu yake, mkubwa kwa mdogo, mwenye cheo na asiye na cheo. Njia hiyo sasa hutumiwa na watafiti wa wanyama duniani kote. Kwa mtazamo wangu, ndiyo iliyowaingiza wazee katika historia.

Amboseli ilionyesha mambo kadhaa. Dume hupanda cheo anapokuwa kijana mwenye nguvu, kisha hushuka jinsi miaka inavyokwenda. Jike hurithi nafasi yake kwa mama, na mara nyingi hukaa nayo kwa muda mrefu. Kwa hiyo uzee wa dume na uzee wa jike si kitu kimoja. Pia ilionekana kwamba majike walio na uhusiano mzuri na wenzao huishi muda mrefu zaidi kuliko wapweke. Urafiki kwao si starehe tu.

Wakati huohuo wataalamu wa binadamu walikuwa na ubishi wao. Mwaka 1961 Elaine Cumming na William Henry, nchini Marekani, walitoa kitabu kilichosema kwamba mzee na jamii huachana taratibu, na kwamba kuachana huko ni jambo la kawaida. Wengi waliwapinga. Waliuliza: je, mzee ameondoka, au amesukumwa? Baadaye Laura Carstensen alileta maelezo mengine. Alisema kwamba mtu anapojua muda wake uliobaki ni mfupi, huacha kutafuta watu wapya na kuwashika wale wanaomfurahisha kweli. Kwa maelezo hayo mzee hapotezi marafiki, bali anachagua.

Maelezo haya yanavutia, lakini yanategemea jambo moja: kwamba mzee anajua atakufa. Je, mnyama asiyehesabu miaka angefanya nini? Hapo ndipo kima walipoingia katika ubishi wa binadamu.

Mwaka 2016 watafiti kutoka Ujerumani walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya Rocamadour, Ufaransa, ambako makaki wa asili ya Morocco na Algeria wanaishi katika bustani kubwa yenye miti. Waliwapima makaki zaidi ya 100 wa umri tofauti. Waliwapa vitu vigeni vya kuchezea. Watoto walivikimbilia, lakini watu wazima hawakuvijali, isipokuwa kile kilichokuwa na chakula ndani. Kisha waliwaonyesha picha na kuwasikilizisha sauti za wenzao. Hapo hata wazee waligeuza vichwa. Hawakuwa wamechoka na dunia. Walikuwa wamechoka na vitu, lakini habari za wenzao bado ziliwahusu. Hata hivyo, majike wazee waliwasafisha manyoya wenzao wachache kuliko zamani. Kusafishana manyoya ndiyo njia yao kuu ya kuonyesha urafiki, kama sisi tunavyotembeleana. Na wenzao waliendelea kuja kuwasafisha.

Ushahidi wa pili ulitoka nyumbani. Katika eneo la Kanyawara, ndani ya msitu wa Kibale, sokwe wamefuatwa tangu mwaka 1987, utafiti ulipoanzishwa na Richard Wrangham. Mwaka 2020 timu iliyomjumuisha Mganda Emily Otali ilichapisha matokeo ya miaka 20 kuhusu madume 21, kutokana na saa zipatazo 78,000 za kuwatazama. Waligawanya urafiki katika makundi mawili: wa pande zote mbili, na wa upande mmoja, ambapo A anamtafuta B lakini B hana habari naye. Sokwe wa miaka 15 alikuwa na wastani wa marafiki 2.1 wa upande mmoja na 0.9 wa pande mbili. Sokwe wa miaka 40 alikuwa na 0.6 wa upande mmoja na 3.2 wa pande mbili. Kijana hujipendekeza kwa wakubwa wasiomjali. Mzee ameacha kazi hiyo. Hukaa peke yake zaidi, lakini akikaa na wenzake, hukaa na wale wanaomtaka.

Sokwe hawana kalenda wala hawaandiki wosia. Kama nao huchagua marafiki wanapozeeka, basi tabia hii huenda haihitaji kujua kwamba kifo kiko karibu. Huenda ni ya kale kuliko binadamu.

Bado palikuwa na shimo katika ushahidi, na ni shimo ambalo wanahistoria wanalijua. Ukifika kijijini siku moja ukawakuta wazee wenye marafiki wachache na vijana wenye marafiki wengi, huwezi kujua kama wazee wamebadilika. Labda walikuwa hivyo tangu ujana. Labda marafiki zao wamekufa. Labda wenye marafiki wengi hawakufika uzeeni. Ili kujua, lazima umfuate yuleyule kwa miaka mingi na kumlinganisha na nafsi yake ya zamani.

Kumbukumbu zilizoanza Cayo Santiago mwaka 1956 ziliwezesha kazi hiyo. Mwaka 2022 watafiti walichapisha uchambuzi wa miaka 8 wa majike wapatao 200, kuanzia umri wa miaka 10 kwenda juu. Walimlinganisha kila jike na yeye mwenyewe. Walikuta kwamba anapozeeka idadi ya wenzake hupungua, naye hubaki na ndugu zake na marafiki wa siku nyingi. Muda anaoutumia kukaa na wenzake haupungui. Kwa hiyo si kwamba amekosa nguvu au hamu. Vifo vya marafiki havikutosha kueleza upungufu huo. Na jambo la mwisho, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: wenzake hawakuacha kumjia. Hakutengwa.

Hapo ningeweza kumaliza kwa furaha na kuwaambia baba na ndugu zake kwamba bibi amechagua, basi aachwe. Lakini historia hii ina maonyo mawili.

Onyo la kwanza lilikuja na upepo. Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria kiliipiga Puerto Rico na kuharibu sehemu kubwa ya miti ya Cayo Santiago. Kivuli kikawa adimu katika jua kali. Watafiti walitarajia makaki wang'ang'anie marafiki wao wa karibu. Badala yake makaki waliongeza idadi ya wenzao na kuvumiliana zaidi, hasa wale waliokuwa wapweke kabla ya kimbunga. Uchunguzi wa damu ulionyesha pia kwamba kinga za miili ya walionusurika zilifanana na za makaki waliowazidi umri kwa miaka 2 hivi, ambayo kwa binadamu ni kama miaka 7 au 8. Kwa hiyo uzee hauendi kwa tarehe ya kuzaliwa tu. Msiba unaweza kuuharakisha. Na marafiki wachache si sheria ya daima, kwa kuwa hali ikibadilika, mahitaji ya kuwa na wenzako nayo hubadilika.

Onyo la pili linatoka Amboseli, na linaturudisha kwenye methali. Mwaka 2016 watafiti wa pale walionyesha kwamba majike waliopata mashaka matatu au zaidi utotoni, kama vile ukame, kufiwa na mama, au mama mwenye cheo cha chini, waliishi wastani wa miaka 10 pungufu kuliko wale waliopata moja tu au ambao hawakupata hata moja. Kwa nyani jike ambaye mara chache huvuka miaka 25, huo ni muda mkubwa sana. Maana yake ni kwamba tunapomtazama nyani mzee, tunamtazama aliyebaki. Wengi waliochomwa na mishale hawapo kutuonyesha jinsi ambavyo wangezeeka. Wazee wote tunaowaona wamekwishachujwa na maisha, na tukisema kwamba uzee wao ni mtulivu, tusisahau waliokosa kuufikia.

Ndiyo maana sikubaliani na mtu atakayetumia utafiti huu kusema kwamba wazee wetu waachwe peke yao kwa sababu ndivyo wanavyopenda. Kuchagua na kutengwa ni vitu viwili tofauti, ingawa kwa mbali vinafanana. Katika vyote viwili utamwona mzee mmoja na watu wachache. Tofauti huonekana kwa kuuliza mambo mawili. Je, wale wachache ni wale aliowataka? Na je, wengine bado wanakuja mlangoni kwake? Makaki wa Cayo Santiago walikuwa na yote mawili. Mzee wa kijijini ambaye watoto wake wote wamehamia Kampala na jirani zake wamekufa anaweza kukosa yote mawili, na hakuna nyani anayeweza kutumiwa kutuhalalishia jambo hilo.

Pia kuna somo la njia. Watafiti wa London walitazama kwa haraka wakaona vita. Watafiti waliokaa miaka 50 waliona bibi na binti yake chini ya mti. Uzee ni jambo la polepole, na hauwezi kuonekana na mtu mwenye haraka. Baba na ndugu zake walikuwa wametumia jioni moja kumjadili bibi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Likizo iliyofuata nilimuuliza. Alikuwa ameketi barazani akichambua maharage. Nilimwuliza kwa nini haendi tena kwenye chama.

"Araali," aliniambia. Hilo ndilo jina langu la empaako, jina la mapenzi na heshima ambalo sisi Batooro huitana. "Pale kuna watu thelathini. Nikikaa hadi jioni, nitakuwa nimezungumza na nani? Siku hizi nikitoka, naenda kwa dada yangu, au kwa mama Amooti, ambaye tulilima naye tangu naolewa. Hao wananitosha."

Nilitaka kumweleza habari za makaki lakini nilinyamaza, nikamsaidia kuchambua maharage. Baada ya muda aliongeza: "Lakini usimwambie baba yako kwamba sitaki watu. Atafikiri asije. Mwambie aje."

Nilimpigia baba simu jioni ileile.